Somo: kubadilisha rejeta na kopo la kulanti kwenye Hilux ya dizeli

Wengi hufunga rejeta mpya, wakaacha kopo la zamani, kisha gari ikiwa na mzigo inachemsha tena pale mlima Kitonga. Kopo lile lina kazi. Injini ikipata moto kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, hutanuka, mfuniko wa rejeta unaachia, na ziada inaingia kwenye kopo. Injini ikipoa, rejeta inaivuta kurudi. Kopo likipasuka au kampira kake kakichanika, rejeta inavuta hewa. Kwa hiyo mimi nabadilisha rejeta, kopo, kampira na mfuniko kwa pamoja. Mfuniko mpya uwe na presha ileile iliyoandikwa kwenye ule wa mwanzo.

1. Injini ipoe kabisa. Ndani ya presha maji huvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko yanakurukia usoni. Chomoa waya wa hasi wa betri.

2. Weka beseni, fungua mfuniko, kisha koki ya chini. Kulanti ni tamu na ni sumu, kwa hiyo isimwagike uani penye kuku, mbwa na watoto.

3. Legeza klipu, toa mipira ya juu na ya chini. Uliogandamana ukate, ununue mwingine. Ukiung'oa kwa bisibisi utavunja shingo ya rejeta. Gari ya otomatiki ina mabomba mawili ya mafuta ya gia yanayoingia kwenye rejeta, yazibe mara moja.

4. Fungua kava ya feni na bolti za rejeta, kisha toa kopo. Chomeka kadibodi kati ya feni na rejeta, maana mapezi yake hupinda kwa kuguswa tu.

5. Linganisha mpya na ya zamani kabla hujafunga: shingo, masikio ya bolti, matundu. Hamisha na raba za kukalia. Bila raba, mtikisiko wa barabara ya vumbi utaipasua rejeta.

6. Funga vyote, zungusha feni kwa mkono uone haigusi kava, rudisha waya wa betri.

7. Hapa usiharakishe. Changanya kulanti na maji yasiyo na chumvi nusu kwa nusu, isipokuwa kama dumu limeandikwa imeshachanganywa. Pua ya gari iangalie juu, hita iwe kwenye moto. Jaza taratibu, washa injini mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yatatoka, nawe uongeze. Mpira wa juu ukipata moto, thamostati, ile valvu inayopitisha kulanti kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, imefunguka. Mapovu yakiisha, funga mfuniko, jaza kopo hadi kati ya mistari miwili. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia tena.

Swali: Mkuu, fundi wangu aling'oa thamostati ili isichemshe. Niiache hivyo?

Jibu: Irudishe, kaka. Injini isiyofikia joto lake inakula dizeli na kuchakaa mapema.

Swali: Niko Mbozi, kulanti ni shida kupata. Nitumie maji ya kisima?

Jibu: Kwa dharura tu, dada, na maji safi ya mvua ni afadhali, maana ya kisima huacha magamba kwenye mirija. Ukipata kulanti, mwaga yote ujaze upya.

Swali: Nimefuata yote. Nusu saa imepita, mapovu bado yanatoka na kopo linafurika.

Jibu: Zima injini, usiende nayo popote. Huenda gesi ya ndani ya silinda inapenya kwenye gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, na kuingia kwenye kulanti. Mwite fundi aipime hapohapo ilipo.