Jinsi ya kulinda jina lako mtandaoni kabla ya usaili: mwongozo kwa vijana wa JKT na maafisa wanafunzi

Kijana anayeripoti katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kama Ruvu, Oljoro au Bulombora baada ya kidato cha sita huwa ameshaishi mtandaoni kwa miaka kadhaa. Ana akaunti ya Facebook aliyofungua akiwa bado mtoto kwa kudanganya umri, ana video za TikTok alizorekodi bwenini, ana mabishano ya mpira na siasa aliyoyaandika usiku bila kutafakari, na ana picha ambazo marafiki wamemtagi bila kumuuliza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyashughulikia mambo hayo mapema, kabla jina lake halijafika mbele ya watu wanaoamua nani aandikishwe katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza au Uhamiaji, nani apelekwe chuo cha kijeshi Monduli, na nani apewe ufadhili wa kusoma nje. Kijana wa Kenya aliye katika NYS, yaani huduma ya vijana kwa taifa, au anayetamani kuwa kadeti katika chuo cha kijeshi cha Lanet, atakuta sehemu kubwa ya ushauri huu inamhusu pia.

Vijana huonywa mara nyingi kuhusu matusi, picha za utupu na uchochezi. Onyo hilo ni la haki na halihitaji maelezo marefu. Linalosahaulika ni kwamba hata chapisho la kawaida kabisa linaweza kukukosesha nafasi, kwa kuwa anayelisoma hakufahamu wewe, hajui mlikuwa mnataniana nini siku hiyo, na wewe hupo karibu ili umweleze.

Mifano mizuri imetoka katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani. Mei 2016 makadeti 16 wa kike weusi, waliokuwa wakikaribia kuhitimu, walipiga picha ya kuagana wakiwa wamevaa sare na kuinua ngumi. Picha ilisambaa, baadhi ya watu wakaitafsiri kuwa ni tamko la kisiasa, na chuo kikafungua uchunguzi. Mwishowe ilionekana kwamba walikuwa wakionyesha umoja na fahari yao na hawakuadhibiwa, lakini walilazimika kusubiri majibu huku mahafali yakiwa mlangoni. Desemba 2019, katika mchezo wa kila mwaka baina ya chuo hicho na kile cha jeshi la majini, makadeti walionekana kwenye televisheni wakionyesha ishara ya vidole ambayo watazamaji waliihusisha na ubaguzi wa rangi. Uchunguzi ukabaini kuwa ulikuwa mchezo wa kitoto wa kutegeana. Ipo pia habari yenye mwisho mchungu: mhitimu mmoja wa chuo hicho alipiga picha siku ya mahafali, Mei 2016, akiwa ameandika kauli ya kisiasa ndani ya kofia yake, akaiweka mtandaoni Septemba 2017, na kufikia Juni 2018 alikuwa ameondolewa jeshini.

Tazama tofauti kati ya makadeti wa visa viwili vya kwanza na wewe unayeomba nafasi. Wao walikuwa tayari ndani ya chuo, hivyo waliitwa, wakasikilizwa, wakasafishwa. Mwombaji haitwi. Orodha ya waliochaguliwa hutoka, jina lake halimo, na hakuna atakayempigia simu kumwambia kwamba ile picha ya mwaka juzi ilimtia mtu shaka wakati wa upekuzi. Kwa sababu hiyo kazi ya kujieleza unapaswa kuifanya mapema, kwa kuhakikisha kwamba unachokiacha mtandaoni kinaeleweka bila wewe kuwepo.

Anza kwa kujitafuta

Chukua simu au kompyuta ya mtu mwingine, isiyo na akaunti yako yoyote, kisha uandike jina lako kamili kwenye mtambo wa kutafutia. Rudia kwa jina lako na la babu, kwa jina la utani unalojulikana nalo mtaani, kwa jina ulilotumia kwenye michezo ya intaneti, na kwa namba zako za simu, za sasa na za zamani. Angalia matokeo ya picha pia. Ukifanya haya kwenye simu yako mwenyewe utaonyeshwa yale unayoruhusiwa kuyaona wewe kama mwenye akaunti, ilhali unachotaka kujua ni kile anachokiona mgeni.

Baada ya hapo ingia katika kila akaunti uliyowahi kufungua, hata ile ambayo nywila yake umeisahau na itakubidi uirejeshe kwa barua pepe. Facebook ina orodha ya shughuli zako zote tangu siku ya kwanza, na katika mipangilio kuna sehemu inayokuwezesha kuyafanya machapisho yote ya zamani yaonekane na marafiki tu, kwa hatua moja. Kwenye TikTok usiishie kwenye video zako. Kagua ulizosambaza, maoni uliyoacha kwa wengine na watu unaowafuata, kwani vyote vinaweza kuonekana. Kwenye X, majibu uliyowajibu watu wengine ndiyo yenye ukali zaidi kuliko machapisho yako mwenyewe, na wengi huyasahau.

Unapokagua, jisomee kama afisa wa makamo aliyepewa majina mia na muda mchache. Picha uliyopiga siku ya kuhitimu kidato cha nne, mkono ukiwa na mchoro wa piko uliofutika baada ya wiki, itamwambia nini mtu anayejua kwamba matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini? Picha uliyoshika chupa isiyokuwa yako, au ile ya shati la kuazima lenye nembo usiyoijua maana yake, nazo zisomwe kwa jicho hilohilo. Sisemi uishi kwa hofu. Nasema usimwachie mtu asiyekujua kazi ya kukisia.

Namba ya simu na WhatsApp

Jambo hili hupuuzwa sana, na kwetu lina uzito kuliko mitandao mingine yote. Namba unayoijaza kwenye fomu ya maombi ndiyo hiyohiyo ya WhatsApp, na anayeihifadhi ili akuite kwenye usaili huona mara moja picha yako ya wasifu na yale maneno machache uliyoyaandika chini ya jina, isipokuwa kama umevifunga. Weka picha ya kawaida yenye uso unaoonekana, na maneno ambayo usingeona haya kuyasoma mbele ya mkuu wa kikosi.

Stetasi hutoweka baada ya saa 24, lakini picha ya skrini haitoweki. Makundi yana hatari kubwa zaidi, kwa kuwa watu huamini kwamba mazungumzo ya wenzi wa kombania moja yatabaki humo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kilifuta nafasi za wanafunzi wasiopungua 10 waliokuwa wamekwisha kukubaliwa, kwa sababu ya picha na mizaha ya kuudhi waliyotumiana katika kundi la faragha la Facebook. Ukijikuta katika kundi linalosambaza picha za wasichana bila ridhaa yao, linalokejeli makabila au dini, au linalowasema viongozi wa kambi, kunyamaza hakutoshi, maana namba yako itaonekana katika orodha ya wanachama siku mambo yatakapofichuka. Toka, na kama kuna mtu anayedhalilishwa humo, mjulishe yeye au kiongozi unayemwamini.

Sare, kambi na picha

Kijana aliyevaa kombati kwa mara ya kwanza hutamani nyumbani wamwone, na fahari hiyo naiheshimu kwa dhati. Hata hivyo, uliza kwanza kile ambacho kikosi chako kinaruhusu, kisha ufuate jibu ulilopewa hata kama wenzako hawalifuati. Kamwe usimwazime rafiki sare apige picha. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa siku saba raia waliokuwa na sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo wayasalimishe, na picha ya rafiki yako akiwa na kombati yenye jina lako kifuani itakuja kwako wewe.

Mazingira ya nyuma ya picha yanastahili uangalifu kuliko uso wako. Lango, ghala, ubao wenye ratiba ya zamu, karatasi ya majina ya wenzako pamoja na namba zao: vyote hivyo husomeka mtu akiikuza picha. Orodha ya majina ina ubaya wa aina mbili, kwa kuwa taarifa za wenzako zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zima ruhusa ya kamera kutumia GPS, na ukumbuke kwamba picha inayotumwa WhatsApp kama faili huweza kwenda na taarifa za mahali ilipopigwa. Mwishoni mwa 2017 programu ya wakimbiaji iitwayo Strava ilitoa ramani ya njia zinazotumiwa na wateja wake duniani kote, na Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha kwamba kambi za kijeshi nchini Syria na Afghanistan zilikuwa zikionekana humo kwa uwazi. Askari wale hawakuandika neno lolote. Walikimbia tu mazoezi ya asubuhi wakiwa na saa mkononi.

Picha za vijana wenye sare huibiwa pia na matapeli, ambao hufungua akaunti bandia na kuwauzia watu nafasi za jeshi ambazo haziuzwi, au kuwalaghai kwa ahadi za mapenzi. Kila baada ya miezi michache ipakie picha yako ya wasifu kwenye mtambo wa kutafutia, uone ni wapi kwingine imetumika. Ukikuta akaunti ya bandia, piga picha za skrini zenye tarehe, iripoti kwa mtandao husika, kisha umwarifu mkuu wako kwa maandishi, ili ushahidi wa kwamba wewe ndiye uliyeibiwa utangulie malalamiko ya aliyetapeliwa.

Siasa na sheria

Ibara ya 147 ya Katiba ya Tanzania inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa huku ikimhifadhia haki ya kupiga kura, na inawataja askari walioajiriwa katika Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na JKT. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 239, nayo inavizuia vyombo vya usalama kuegemea upande wa chama. Ukiwa raia una haki ya maoni yako, na sikushauri ujifanye hukuwahi kuwa nayo. Lakini siku unapoamua kuomba nafasi katika vyombo hivyo, ondoa nembo za vyama kwenye wasifu wako, toka katika makundi ya kampeni, na uache kubishana kuhusu wagombea. Usisambaze habari usiyoithibitisha: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatoa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha au kudhuru. Hukumu ya jinai hufunga mlango wa ajira za vyombo vya ulinzi, hata kama kosa lilitendwa kwa kidole kimoja.

Kufuta, na mipaka yake

Futa yale yasiyofaa, anza na ya zamani, na uwaombe marafiki kwa upole waondoe picha walizokutagi. Wala usiridhike kwa kuifanya akaunti iwe ya faragha. Tangu 2019 fomu ya viza ya Marekani inamtaka mwombaji ataje majina ya akaunti alizotumia katika miaka mitano iliyopita, na Juni 2025 waombaji wa viza za masomo walitakiwa waziache akaunti hizo wazi ili zikaguliwe. Kijana anayelenga ufadhili wa huko ajue kwamba kufuli la faragha huenda akatakiwa kulifungua mwenyewe. Na ikiwa tayari kuna malalamiko au uchunguzi unaokuhusu, usifute chochote. Kufuta ushahidi kutageuka kosa jipya, pengine zito kuliko la kwanza.

Usiache ukurasa mtupu, kwa kuwa akaunti isiyo na chochote haimsaidii anayetaka kukufahamu. Kambini vijana hujifunza kilimo, ufugaji, uashi na useremala. Ukirudi nyumbani ukaotesha bustani ya mboga au ukajenga banda la kuku, andika hatua kwa hatua ulivyofanya, gharama zake na kilichoharibika. Tumia jina lako halisi, na fungua barua pepe yenye jina hilo badala ya ile ya utani.

Pengine utaulizwa kwenye usaili kuhusu chapisho la zamani. Usikane kuwa ni lako, wala usidai akaunti ilidukuliwa kama haikudukuliwa. Sema lini uliliandika, ulikuwa na umri gani, ulikosea wapi, na ulilifuta lini. Kisha nyamaza usubiri swali linalofuata. Andaa majibu hayo kwa maandishi wiki moja kabla ya usaili, umsomee mzazi au mwalimu, naye akikuuliza swali usiloweza kulijibu, rudi kwenye akaunti hiyo uikague tena.