Wastani mmoja, samaki mbalimbali: jinsi ya kulinganisha sampuli mbili

Nilipima samaki aina ya tafi, 40 wa malema (mitego ya kufumwa) na 40 wa jarife (wavu), hapa Amu (Lamu), kila mmoja juu ya ubao, mdomo hadi mkia. Wastani ukatoka sentimita 25 pande zote mbili, nikamwambia nahodha mmoja kwamba samaki ni wale wale. Akanikatalia: "Mwalimu, na hawa wadogo wote wa lema huwaoni?"

Alisema kweli. Lema lilileta wadogo na wakubwa, jarife likaleta wa kati, na wastani ukawafunika wote.

Kwa hiyo usianzie kwenye wastani. Panga kila kundi kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha kwa kila urefu hesabu ni sehemu gani ya kundi haijauvuka. Kwenye sentimita 22, wa malema walikuwa 18 kati ya 40, yaani 0.45, wa jarife 5 tu, yaani 0.125. Pengo ni 0.325, na kwingine kote lilikuwa dogo zaidi. Pengo hilo kubwa kuliko yote ndilo kipimo cha Kolmogorov-Smirnov. Mwanahisabati Kolmogorov aliweka msingi mwaka 1933. Mwenzake Smirnov akakifikisha kwenye sampuli mbili mwaka 1939.

Mpaka ambao pengo likiuvuka makundi yahesabiwe tofauti: jumlisha idadi mbili (40 + 40 = 80), gawanya kwa zao la kuzizidisha (40 × 40 = 1,600), tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.36. Utapata 0.304. Pengo langu limevuka: kama makundi yangekuwa na mgawanyo mmoja, pengo kama hili lingetokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100.

Ukitaka kuiona bahati hiyo kwa macho, andika urefu wote 80 kwenye vikaratasi, changanya kapuni, gawa 40 kwa 40, pima pengo, rudia, uhesabu ni mara ngapi linafikia lako. Kompyuta itarudia mara 1,000 kabla chai haijapoa.

Lakini hesabu hii yote huharibika ukichota samaki vibaya, na hapa naomba unisikilize sana. Tafi hutembea kwa makundi. 40 wa lema moja ni kama ndugu wa nyumba moja, hawahesabiki kuwa 40. Chukua wawili watatu kwa kila chombo, siku mbalimbali. Wala usipime malema wakati wa kusi na jarife wakati wa kaskazi, maana hutajua ni mtego au ni msimu.

Na kama unachojali ni wale wakubwa wachache wa mwisho, tumia kipimo kingine, Anderson-Darling. Kolmogorov-Smirnov huona vizuri katikati kuliko nchani.