Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kuandikishwa: Mbolea ya Ruzuku, TASAF na Misaada Mingine Kijijini

Msimu unapokaribia, vijiji vyetu vya Nyanda za Juu Kusini hupokea matangazo mengi kwa mkupuo: kuhuisha taarifa za wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, uhakiki wa kaya maskini zilizo katika mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), mikopo ya halmashauri kwa vikundi, utambuzi wa wazee wa kutibiwa bila malipo. Nimewaona watu wenye haki kamili ya kupata wakirudi nyumbani mikono mitupu, na mara nyingi hapakuwa na aliyewadhulumu; palikuwa na jambo dogo ambalo lingeweza kuwekwa sawa wiki moja kabla. Basi soma haya kabla hujatoka nyumbani, na kama una mzazi au mkwe kijijini ambaye hasomi, msomee.

Tangazo lisikie au lisome mwenyewe. Mbiu ya mgambo hupita alfajiri wakati wengine wako shambani tayari, tangazo la kanisani huwakosa wasiofika Jumapili hiyo, na ujumbe unaozungushwa katika makundi ya WhatsApp hufika ukiwa umepunguzwa tarehe au umeongezwa maneno. Nenda ofisi ya kijiji au ya mtaa, simama mbele ya ubao wa matangazo, uangalie nembo, muhuri, tarehe na saini, kisha unakili siku, mahali na vitu vinavyotakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji nao usiukose. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, na mambo mengi utakayoyalalamikia baadaye huamuliwa pale wewe ukiwa hupo.

Kitambulisho cha Taifa, au angalau nambari ya NIDA yenye tarakimu 20, kiwe mkononi. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo zilinganishe na cheti chako kabla mwandikishaji hajazilinganisha. Jina nalo liwe moja kila mahali. Huku kwetu mama mmoja anaweza kuwa Atupele kwenye kitambulisho, Atupelye kwenye kadi ya kliniki, na kwenye daftari la kijiji akaandikwa kwa jina la mume. Mashine haijui kuwa hao wote ni mtu mmoja. Marekebisho huchukua muda na wakati mwingine huhitaji hati ya kiapo, kwa hiyo usiyaanze siku ya foleni.

Sasa nifike kwenye namba ya simu, ambayo watu wengi huitaja harakaharaka kama jambo lisilo na uzito.

Tarehe 8 Agosti 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku hapa Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale, siku ya Nane Nane. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, au wa Urea, ya kukuzia, ambao bei yake ilikuwa imepita shilingi 100,000, ukawa wa kununuliwa kwa 70,000, kwa sharti kwamba mkulima awe ameandikishwa na awe na namba yake ya mkulima. Mama yangu mdogo analima viazi na mahindi upande wa Umalila, nami ndiye niliyemsindikiza kuandikishwa. Mwandikishaji alipouliza namba ya simu, mama mdogo hakuwa na simu. Nikataja ya mjukuu wake, kijana wa bodaboda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilala nyumbani pale. Kosa hilo nililifanya mimi, na ndilo linalonisukuma kuandika haya.

Kijana alikwenda Tunduma kutafuta kazi, akabadilisha laini. Ujumbe wenye namba ya mkulima uliingia kwenye laini ya zamani, na hakuna aliyeuona. Mvua za kwanza za Novemba ziliponyesha, mama mdogo alipanda Hiace akashuka hadi Mbalizi, fedha ya mifuko miwili ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga, akasimama kwenye foleni ya wakala tangu saa moja asubuhi. Zamu yake ilipofika aliulizwa namba yake ya mkulima. Akafungua kifuko cha nailoni, akaweka mezani kila karatasi aliyokuwa nayo: kitambulisho, stakabadhi ya mchango wa shule, hata kadi ya kliniki ya mwanawe wa mwisho ambaye siku hizi ni mtu mzima. Wakala alizipitia zote kwa heshima, akamrudishia, akamweleza kuwa bila namba ile hawezi kumuuzia kwa bei ya ruzuku. Akarudi mlimani jioni ile bila mbolea.

Namba yake ilikuwepo kwenye kumbukumbu za kijiji, lakini mtendaji alikuwa kwenye vikao vya kata, na ilipopatikana siku kadhaa baadaye mzigo wa wakala ulikuwa umekwisha. Mvua haimsubiri mtu. Alipanda bila mbolea ya kupandia, na nilipokwenda kumsalimu mwezi wa kwanza nilikuta majani ya mahindi yake yakiwa na rangi ya zambarau kwenye kingo, ilhali shamba la jirani, ng'ambo ya mfereji tu, lilikuwa la kijani kilichokoza. Mahali alipozoea kuvuna magunia 12 alipata matano. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo nenda na laini iliyosajiliwa kwa jina lako na kwa vidole vyako mwenyewe. Kitochi cha bei ndogo kinatosha kabisa kupokea ujumbe. Kama huna budi kutumia simu ya mtu mwingine, awe mtu mzima asiyehama kijiji, naye ajue kwa nini namba yake imeandikwa. Namba ya mkulima ikishafika, inakili sehemu tatu tofauti. Ya mama mdogo leo imeandikwa kwa wino nyuma ya mlango wa chumba chake. Aidha, kama laini yako ina mkopo wa simu ambao haujalipwa, fahamu kwamba fedha ikiingia humo inaweza kukatwa kabla hujaigusa, na mzee anayepokea ruzuku ya kaya kwa simu anapaswa kuelezwa jambo hili mapema na wanawe. Vidole navyo viandaliwe: mtu aliyeshika jembe miaka 40 mara nyingi hasomeki kwenye mashine, basi anawe kwa maji ya uvuguvugu, na asiende kupanda viazi asubuhi hiyo.

Ekari zako zitaje kama zilivyo, kwa kuwa kiasi cha mbolea unachoruhusiwa kununua hutokana na ukubwa wa shamba na zao ulilotaja. Ukipunguza kwa kuogopa ushuru, utapunguziwa mbolea. Ukizidisha, unachukua ya mwenzako.

Kuhusu TASAF, elewa kwamba kaya za mpango wa kunusuru kaya maskini hutambuliwa kwenye mkutano wa jamii, na majina husomwa hadharani ili wananchi wayakubali au wayapinge. Mtu akikwambia kwamba jina lako litaingizwa ukimpa chochote, anakudanganya. Ukiwa tayari mlengwa, mahudhurio ya watoto shuleni na ya wadogo kliniki yafuatilie kila mwezi, kwa sababu kaya iliyowekewa masharti hayo ikishindwa kuyatimiza hukatwa sehemu ya ruzuku, na mara nyingi mama hugundua hilo mezani siku ya malipo, wakati hakuna tena cha kurekebisha. Mtoto akiugua, pata maandishi ya zahanati na uyapeleke kwa mwalimu.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini ni mkopo wa kurejeshwa. Nasema hivyo kwa sababu nimeviona vikundi vikigawana fedha siku ileile kama posho. Kabla ya kuomba, kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi ambalo kila mwanachama anaweza kulieleza kwa mdomo wake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hukusaidia kuandaa hayo bila malipo.

Mzee aliyetimiza miaka 60 na asiye na uwezo afuatilie kitambulisho chake cha matibabu akiwa mzima. Mtoto wa chini ya miaka 5 apatiwe cheti cha kuzaliwa sasa hivi. Mkoa wa Mbeya ni miongoni mwa ile ya mwanzo kuingia katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kutoa vyeti hivyo bila malipo, mwaka 2013, na bado nawakuta wazazi wakihangaika na cheti mtoto anapoanza shule.

Namba ya siri ya simu yako usimpe mtu yeyote, hata aliyevaa kitambulisho shingoni. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huwa wanajua tarehe za malipo kuliko walengwa wenyewe. Ukilipa chochote, dai stakabadhi. Ukinunua mbolea, angalia mshono wa mfuko kabla hujaupakia, maana ukishafika mlimani hakuna wa kumrudia.

Siku yenyewe ondoka mapema, kwa sababu barabara zetu wakati wa mvua huweza kukuweka njiani nusu siku. Karatasi zifungwe kwenye nailoni mbili, simu iwe na chaji, na ubebe maji na kiporo. Nakala za karatasi toa siku iliyotangulia, kwa maana umeme ukikatika mjini mashine zote husimama pamoja. Na kama nyumbani kuna mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, usimbebe kwa bodaboda kwenye utelezi: mpe mwenyekiti wa kitongoji taarifa siku mbili kabla, aombe waandikishaji wapite nyumbani, na siku hiyo abaki mtu wa kuwafungulia mlango.