Kubadili nguo kwenye kibanda cha mlimani: somo na maswali ya wanachama

Wanachama wapya wa kundi letu la wapanda milima huniuliza kuhusu mabuti, maji na mazoezi ya miguu. Swali wasilouliza mpaka tumeshafika juu, na hapo huliuliza kwa kunong'ona, ni hili: nguo nabadilia wapi?

Hapo hapo kitandani. Vibanda vingi vya wapanda milima, iwe kwenye milima ya Alps ya Ulaya, New Zealand, Norway au Kilimanjaro, vimejengwa kulaza watu wengi katika nafasi ndogo, na mara nyingi wanawake na wanaume hulala chumba kimoja. Katika baadhi ya vibanda vya zamani vya Alps hakuna hata kitanda cha mtu mmoja. Kuna jukwaa refu la mbao lenye magodoro yaliyobanana, na jirani yako yuko umbali wa kiwiko.

Kwa hiyo usitegemee kuta. Faragha ya kibandani hupangwa begini, siku moja kabla ya safari. Anayekaa nusu uchi muda mrefu mbele za watu mara nyingi si mtu asiye na haya, ni mtu asiyejua soksi zake ziko wapi.

Hatua ya 1: Funga mfuko wa jioni

Chukua mfuko mdogo usiopitisha maji, wenye rangi tofauti na kila kitu kingine begini. Weka nguo za jioni tu: nguo ya ndani, fulana ya mikono mirefu, suruali nyepesi ya kulalia, soksi kavu. Fulana iwe ya sufu au ya sintetiki. Pamba ikilowa hukaa mbichi na kukupoza. Zipange kinyume: ya kuvaliwa mwisho ikae chini, ya kuvaliwa kwanza ikae juu. Ongeza kanga au shuka jepesi la kujifunga. Taulo dogo la safari halitoshi. Linakauka haraka, sawa, lakini ukilizungusha kiunoni linaacha pengo palepale usipopataka.

Mfuko huo ukae juu kabisa ya begi. Nasisitiza kwa sababu usiku wangu wa kwanza kibandani nilivua suruali iliyolowa kwanza, ndipo nikaanza kutafuta kavu. Ilikuwa chini ya sufuria. Nikatoa sufuria, nikatoa jiko, nikatoa vikombe, vyote vikigongana, na chumba kizima kilichokuwa kimenipa mgongo kwa heshima kikageuka kuona kumetokea nini.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kuvua

Mabuti yabaki mlangoni au kwenye chumba cha viatu. Vibanda vingi vinataka hivyo. Kisha tulia kidogo. Muulize msimamizi wa kibanda kama kuna chumba cha kukaushia nguo au pa kujisitiri. Kama hakuna, tafuta kitanda cha kona, na uangalie saa. Wengine wakiwa wanapika au wanakula, chumba cha kulala huwa kitupu, na dakika 5 zinatosha kabisa.

Unaweza kuning'iniza shuka kutoka kitanda cha juu ili likufunike ukiwa cha chini. Lifunike kitanda chako tu, lisizibe njia ya kutokea, na liwe mbali na jiko au mshumaa.

Choo nakipendekeza kama njia ya mwisho. Sakafu huwa imelowa, ndoano hakuna, na nje kuna foleni ya watu waliokunywa maji siku nzima kama walivyoagizwa. Ukikitumia, ingia na mfuko wako mdogo, usiingie na begi zima.

Hatua ya 3: Juu kwanza, chini baadaye

Usiwe mtupu juu na chini kwa wakati mmoja. Ni sheria ndogo, ila inaondoa nusu ya tatizo.

Juu: geukia ukuta. Ingiza kichwa kwenye fulana kavu, ikae shingoni. Toa mikono kwenye ile mbichi, ipitishe kwenye kavu, halafu ishushe ile mbichi kupitia kiunoni na miguuni. Kama ni ya kubana mno, ivue kawaida, haraka, mgongo ukiwa kwa watu. Sidiria hufunguliwa kwa nyuma ukiwa ndani ya fulana pana: mkanda mmoja utoke kupitia mkono wa fulana, wa pili ufuate, kisha vuta yote kwa upande mmoja. Waliosoma shule za bweni hawahitaji somo hili.

Chini: funga kanga kiunoni, fundo ubavuni. Keti ukingoni mwa kitanda. Vua suruali na nguo ya ndani pamoja, vaa kavu moja moja, ndipo uondoe kanga. Keti, narudia. Baada ya kutembea saa 7 mapaja hayakubali kusimama mguu mmoja, na nimeona watu wakimwangukia jirani.

Wapo wanaobadili ndani ya mfuko wa kulalia. Inawezekana, ila fanya mazoezi nyumbani kwanza, na usiingie humo na nguo mbichi: mfuko wa manyoya ya ndege ukilowa hupoteza joto lake, na usiku wote utalipia haya ya dakika mbili.

Hatua ya 4: Macho, tochi na simu

Tochi ya kichwani inamulika kila unachokitazama. Mtu anavua shati, wewe unageuka kusema habari za jioni, na ghafla yuko jukwaani. Ndani ya chumba cha kulala punguza mwanga au tumia taa nyekundu, na tochi uivae shingoni ikitazama chini.

Mwenzako akianza kubadili, geuka taratibu, endelea na shughuli yako. Usitoke kwa kishindo kana kwamba amefanya kosa, wala usitanie mwili wa mtu, hata kama ni rafiki yako wa miaka. Simu iwekwe chini. Hakuna kupiga picha chumbani watu wanapovua, hata kama unapiga machweo dirishani. Na wewe unayebadili, sentensi moja inatosha: "Jamani, nabadili nguo hapa."

Hatua ya 5: Nguo mbichi

Zikamulie nje, zianike kwenye kamba iliyowekwa. Chupi na soksi zisining'inie juu ya mto wa mtu mwingine. Basi.

Hatua ya 6: Kuondoka usiku

Kibo, kibanda cha mwisho kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, kiko takriban mita 4,700, na wanaokwenda kileleni huamka usiku wa manane. Saa hiyo si ya kubadili nguo. Lala umeshavaa nguo ya ndani ya joto utakayopandia, iwe kavu, ubakize koti na suruali ya nje tu. Vitu vyako vifunge kwenye mifuko ya kitambaa. Mfuko wa plastiki ukichakarishwa gizani huamsha chumba kizima.

Pale ambapo haya huwekwa kando

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo mtu aliyelowa hupoa haraka sana. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari. Ukimwona mwenzako anatetemeka, vidole havishiki zipu, maneno yanakokota, usimwache ajisitiri peke yake chooni. Mwambie unachotaka kufanya, wawili washike blanketi kama pazia, mmoja amsaidie kuvua. Akiwepo wa jinsia yake, vizuri. Asipokuwepo, msisubiri. Na kama kutetemeka kumekoma ilhali bado ni baridi na amechanganyikiwa, hali imezidi: mvueni, mfunikeni, mwiteni msimamizi na mtafute msaada wa uokoaji.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi huvaa hijabu. Nitalalaje chumba kimoja na wanaume?

Marahaba binti. Omba kitanda cha juu cha kona. Huko huonekani mtu akipita. Kulala, skafu ya mviringo ya kuvuta kichwani ni bora kuliko mtandio wa pini, haitoki ukigeuka. Viongozi waambie mapema, kabla ya vitanda kugawanywa, ili wanawake wa kundi wapewe safu moja. Vibanda vingine vina vyumba vidogo, hivyo uliza wakati wa kuweka nafasi.

Kaka, kuna jamaa alivua zote katikati ya chumba kana kwamba yuko kwake. Alikosea?

Inategemea alikotoka na alikokuwa. Zipo jamii ambazo mwili uchi kwenye chumba cha kubadilishia si habari. Wewe geuka tu. Lakini akikusimamia mbele, akikutazama, au akirudia baada ya kuombwa aache, hiyo si tofauti ya malezi tena. Mwambie msimamizi au kiongozi usiku huohuo, na uhamishwe kitanda.

Mimi ni mwalimu na napeleka wanafunzi. Nisimamie vipi?

Wagawe kwa zamu: wasichana dakika 10, kisha wavulana, mtu mzima akiwa nje ya mlango. Wewe usibadili nguo chumbani wakiwepo, wala usiingie bila kugonga na kusubiri jibu. Simu za wanafunzi zikusanywe kabla ya zamu kuanza. Watalalamika, zikusanye tu.

Nikiwa kwenye hedhi nifanye nini na pedi zilizotumika?

Swali zuri, na kina kaka wa kundi walisome pia. Pedi hazitupwi kwenye choo cha shimo wala cha mboji. Haziozi na mtu atalazimika kuzitoa kwa mkono. Beba mfuko unaofungwa vizuri, uufunike kwa mfuko mwingine usioonyesha ndani, ushuke nao. Weka pedi safi na waipsi (vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia) kwenye ule mfuko wa jioni, ili ukienda chooni usiku usipekue begi gizani. Waipsi nazo hushuka na wewe.

Dabodeka: juu au chini?

Kujisitiri, juu. Kubadili suruali, chini, kwa sababu juu huwezi kunyoosha kiuno bila kugonga dari. Mimi huchukua juu, nabadilia chini kabla mwenye kitanda hajafika, na nikimkuta amefika, namwomba ruhusa nikae ukingoni dakika moja. Hajawahi kukataa mtu, ingawa mmoja aliniomba nitoe kwanza zile soksi.