Kupanga spika za 5.1 kwenye chumba cha boriti, Mji Mkongwe

Vyumba vya nyumba za zamani za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari: mita 3 hivi, mara nyingine pungufu. Vipimo vilivyo hapa ni vya chumba cha mita 3 kwa 6.

Mfumo wa 5.1 una spika tano na sabufa, yaani spika ya besi. Kwenye filamu, spika za nyuma hubeba mvua na milio ya magari. Kwenye albamu za roki ya progresivu zilizochanganywa upya kwa 5.1, nyuma wamekaa wanamuziki: kinanda, gitaa, waitikiaji. Ukizipachika spika hizo popote zilipoenea, umeivunja bendi.

1. Diski na deki. Albamu ya King Crimson ya 1969, "In the Court of the Crimson King", ilichanganywa kwa 5.1 na mwanamuziki Steven Wilson na Robert Fripp, mpiga gitaa wa bendi hiyo, ikatoka 2009 kwenye DVD-Audio (DVD ya sauti ya ubora wa juu) ya biti 24, kilohezi 96. Deki ya kawaida ya DVD haisomi sehemu hiyo. Itapiga DTS iliyomo kwenye diski hiyohiyo, yaani chaneli zilezile zikiwa zimebanwa. "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd, toleo la 2003, ni SACD, diski yenye tabaka la 5.1 na tabaka la CD. Deki ya kawaida huishia kwenye tabaka la CD, stereo tu. Hata deki ya SACD inaweza kuwa imewekwa stereo, hivyo ingia kwenye menyu uibadilishe.

2. Waya. Unganisha deki na risiva (kifaa kinachoendesha spika) kwa HDMI. Waya wa optiki haupitishi chaneli sita zisizobanwa. Hupitisha stereo, au DTS na Dolby. Ukilazimika kuutumia, pato la dijitali la deki liwe bitistrimu (sauti iliyobanwa ipite kama ilivyo), lisiwe PCM (sauti iliyokwisha funguliwa na deki), la sivyo spika za nyuma zitanyamaza. Ncha za waya wa spika hushika kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi: kata sentimita 2, menya upya, kaza.

3. Mahali. Weka kiti katikati ya upana, mita 2.2 kutoka ukuta wa mbele. Usikae nusu kwa nusu ya urefu, maana hapo besi ya chini kabisa hupotea. Funga uzi wa mita 1.4 kwenye kiti, usawa wa masikio, na kila spika ikae kwenye ncha ya uzi huo:

- Ya kati: mbele yako moja kwa moja.
- Za mbele: pembe ya digrii 30 kila upande wa ile ya kati, baina yao ni mita 1.4.
- Za nyuma: digrii 110, yaani sentimita 48 nyuma ya masikio na mita 1.3 kwenda pembeni.

Kutoka hapo hadi ukutani zinabaki sentimita 18 tu, kwa hiyo nunua spika ndogo za nyuma. Kosa linaloonekana sana ni kuzipeleka kwenye ukuta wa nyuma kabisa, mita 3.8 kutoka kwako. Risiva inaweza kusawazisha muda (mita 1 ni kama milisekunde 2.9 kwa joto letu), lakini pembe haiirekebishi.

4. Sabufa. Kuta nene za mawe na chokaa haziiachii besi itoke. Upana wa mita 3 huvuma karibu na hezi 58, na sabufa ikiwekwa pembeni utasikia noti moja ya gitaa la besi ikiwika kuliko nyingine. Iweke katikati ya ukuta wa mbele. Kwenye risiva andika spika zote kuwa ndogo, mgawanyo hezi 80, yaani besi iliyo chini ya hapo iende kwenye sabufa. Kwa mwangwi wa juu, tandika jamvi sakafuni na uning'inize zulia zito ukutani, pale mlio wa spika za mbele unapogonga.

5. Viwango. Funga madirisha. Simu yenye programu ya kupima sauti ikae penye kichwa, kipaza kikitazama juu. Washa kelele ya majaribio ya risiva, ile inayolia kama mvua juu ya bati, na kila spika isome desibeli 75. Adhana ikianza, zima. Baadaye anza upya, usiendelee ulipoishia.

6. Jaribio. Piga "Time" kutoka SACD ile. Saa zinazolia mwanzoni zikuzunguke pande zote. Zikikusanyika mbele, sauti ya spika za nyuma iko chini. Zikiwa nyuma tu, umeongeza mno: punguza desibeli moja moja. Sauti zikiwa hafifu na hazina mahali, kuna spika ambayo waya wake mwekundu na mweusi vimebadilishana.