Kutoka vikombe hadi gramu: ninavyopima unga wa maandazi

Mama alinifundisha maandazi kwa kikombe. Nilipoanza kupika ya kuuza, kikombe kilinisumbua: leo laini, kesho magumu. Chanzo kilikuwa unga. Nikiushindilia kwenye kikombe cha mililita 250, mizani inasoma hata gramu 160. Nikiuchekecha, nikaujaza kwa kijiko na kusawazisha kwa kisu, inasoma kama 130. Tofauti hiyo ndiyo inayoharibu donge.

Basi fanya hivi. Weka bakuli tupu kwenye mizani, irudishe sifuri, jaza kikombe chako mwenyewe, mimina, soma. Rudia mara tatu, chukua wastani, uandike ukutani. Kwangu sukari ni gramu 210, mafuta 230, maji 250. Mapishi yakitaka vikombe 4 vya unga, zidisha: 4 × 130, gramu 520.

Tui la nazi hulipima upya kila mara, maana zito na jepesi hayalingani. Hamira na iliki nimeziacha kwenye kijiko cha chai; mizani ya jikoni haisomi vizuri vitu vidogo hivyo. Na mapishi yakiwa ya Marekani, kikombe chao ni karibu mililita 240, kwa hiyo punguza kidogo.