Taya Linalochomoka Kila Mara: Tiba Zilizopo

Taya likichomoka, kichwa cha mfupa wake huvuka tuta dogo lililo mbele ya sikio na kukwama huko. Misuli hukaza, mdomo hubaki wazi. Usilipige, usilisukume juu. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, mapema. Kadiri misuli inavyokaza ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Daktari hukuketisha chini, hufunga vidole gumba vyake shashi (taya likirudi, meno hufunga ghafla), hukandamiza magego chini kwanza, kisha nyuma. Anayeanza na kusukuma nyuma hugonga tuta lile lile.

Baada ya hapo, wiki 3 mdomo usifunguke zaidi ya upana wa vidole 2. Mwayo ukija, shikilia kidevu kwa ngumi. Kula uji na viazi vya kuponda. Mahindi choma, miwa na muguka (majani ya kutafuna), la.

Likizidi kuchomoka, sindano ya damu yako mwenyewe ndiyo ya kuanza nayo: takriban mililita 2 ndani ya kiungo, 1 pembezoni, kisha bandeji. Damu huacha kovu linalobana kiungo. Ukipanua mdomo mapema, kovu halishiki. Sindano ya botulinamu (Botox) hulegeza msuli unaovuta taya mbele, lakini kwa miezi michache tu. Zikishindwa, kuna upasuaji: kuchonga tuta ili taya lirudi lenyewe, au kulijengea taya kizuizi lisivuke.

Taja dawa zako zote. Metoklopramidi (ya kichefuchefu) na haloperidoli (ya magonjwa ya akili) zaweza zenyewe kulichomoa taya.